Ndama Saba wa Nyiraneza

Shangazi yangu Nyiraneza alifika Rwezamenyo, mtaa wetu wa Kigali, mwezi wa pili mwaka 1992, juu ya lori la ndizi, akiwa na mkeka mmoja, chungu kimoja na karatasi ya ruhusa ya kusafiri yenye mihuri mitatu. Dereva alimshusha mbele ya duka la maziwa, akaniita mpaka mtaa mzima ukasikia.

"Mama, njoo uchukue mzigo wako! Huyu bibi amenitajia kila kilima kutoka Kibungo mpaka hapa, na kila kilima ana kesi nacho."

Ilikuwa kweli. Sisi wa mjini tukitazama kilima tunaona nyumba. Yeye aliona udongo. Kilima hiki kina udongo mweupe chini ya mwamba, kile kina mwekundu unaotoka machozi mvua ikinyesha, na kile cha tatu hakina kitu, ni kilima cha kupita tu. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na ukungu, kwa hiyo vingi kati ya vilima hivyo hakuviona siku ile. Alivijua kwa jinsi lori lilivyopanda na kushuka.

Watu wa mume wake walikuwa wamemfukuza. Mume alikufa mwishoni mwa mwaka 1990, vita vilipokuwa vimeanza kule kaskazini, na kwa kuwa Nyiraneza hakuzaa, wana wa ndugu wa marehemu walikuja wakapima shamba kwa hatua, wakafika mlangoni kwake, wakaendelea kupima. Walimwachia mkeka. Chungu alikiiba.

Habari hizo hazikunishangaza. Baba yangu alipokufa, kaka yangu Léonidas, aliyesomeshwa kwa ng'ombe niliowachunga mimi, alichukua shamba lote, migomba na kaburi la mama ndani yake. Nilipouliza aliniambia, "Msichana shamba lake ni mume." Basi shamba langu hilo, fundi cherehani jina lake Twahiru, lilikwenda Mwanza mwaka 1987 kununua vitambaa, likaoa huko. Liliniachia cherehani na vyumba viwili. Kwa hiyo shangazi sikumpokea kwa huruma peke yake. Kulikuwa na kitu nilichokitaka kwake.

Nyiraneza alikuwa mtengenezaji wa migongo. Kwa Kinyarwanda kazi hiyo huitwa imigongo, na Mswahili hahitaji mkalimani: ni migongo tu, matuta membamba ya kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Mwanamke huyafinyanga ukutani kwa vidole mpaka yawe na pembe na mizunguko, huyaacha yakauke, huyasugua kwa jiwe, kisha huyapaka rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Ni kazi ya Gisaka, kwetu mashariki, upande ule ambako mto Akagera unapotea ndani ya mafunjo na ng'ombe ni wengi kuliko milango. Wanaume husimulia kwamba aliyeianzisha alikuwa mwana wa mfalme. Huenda. Mimi tangu nizaliwe sijamwona mwanamume akitia mkono katika kinyesi kwa ajili ya uzuri.

Na katika kazi hii hakuna anayesema kinyesi, wala lile neno jingine. Tunasema ng'ombe. "Nipe ng'ombe kidogo." "Ng'ombe wa leo ni mwepesi, ongeza majivu." Ndivyo tulivyofundishwa, kwa sababu kitu kinachokwenda kupamba nyumba ya watu hakitukanwi. Msomaji alishike hilo, maana ndilo lililonipoteza.

Nyeupe na nyekundu ni udongo, na mwenye miguu atazipata. Siri iko katika nyeusi. Weusi wa Nyiraneza ulikuwa haushiki nguo. Nilipokuwa msichana niliegemea ukuta wake nikiwa na gauni jeupe la komunyo, nikapigwa kofi na mama kabla hajanigeuza kunitazama, na aliponigeuza hakukuwa na alama. Ukuta huo ulikuwa na umri wa miaka kumi na tano. Ulikuwa unang'aa kama mgongo wa mende. Hapa Kigali nilikuwa nikitengeneza vibao vidogo vya migongo, nikiuza kwa kituo kimoja cha kazi za mikono, na weusi wetu tuliutoa katika masizi na unga wa betri kuukuu. Mzungu akinunua kibao, mkono wake ulitoka mweusi, na yeye alifurahi, alidhani ndiyo asili yenyewe.

Nilitaka ule weusi wa kweli. Shamba walinichukulia. Hiki ndicho kitu cha kwetu kinachopita kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamke, na hakuna kaka anayeweza kukipima kwa hatua. Wenzake shangazi waliokijua walikuwa wamekufa mmoja mmoja. Akifa yeye kabla sijakipata, basi kimekwisha.

Wiki ya pili nilimkalisha kwenye kigoda uani, mbele ya ukuta wangu wa matofali mabichi, nikamuuliza.

"Shangazi, weusi unatiwa nini?"

"Majivu ya maganda ya ndizi."

"Na nini?"

"Utomvu wa mshubiri."

"Na nini?"

"Mbona una haraka kama mtu anayekimbia deni? Na ndama saba. Unawalaza na mshubiri usiku mmoja, asubuhi unawachemsha pamoja na majivu. Moto mdogo."

Ndama saba. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: ng'ombe wa ndama. Kinyesi cha ndama ni laini, hakina nyuzi za majani, kila mtu wa kwetu anajua hivyo. Kwamba lazima kitoke kwa ndama saba tofauti, hilo nililiona kuwa ndiyo siri yenyewe. Nilifurahi. Nilijiona tajiri.

Watu waliofuga chini ya mlima Kigali walinipa bila maneno mengi. Nilizunguka siku mbili na debe nikapata ndama saba, nikafanya kama nilivyoambiwa, nikapaka mgongo mmoja wa majaribio. Ulipokauka, shangazi alipitisha kidole, akakiinua mbele ya macho yake yasiyoona vizuri, halafu akakileta mbele ya yangu.

"Unaona?"

"Mweusi."

"Ukuta ndio mweusi au kidole changu?"

Nikamfuta kidole kwa ncha ya kanga.

"Ulichukua ndama gani?"

"Wazuri. Wakubwa, wenye afya."

"Ndiyo hivyo! Wakubwa wa nini? Mkubwa ameshakuwa ng'ombe huyo. Chukua wachanga, ambao bado hawajageuka rangi. Watafute penye miba."

Hilo nalo lilikuwa na maana kabisa. Ndama mchanga ana manyoya ya rangi moja, akikua hugeuka. Na kwetu zizi la ndama huzungushiwa miba ili fisi asiwafikie. Kila alilosema liliingia katika kosa langu kama kisu katika ala yake.

Shida ni kwamba ndama wachanga saba kwa wakati mmoja si jambo rahisi hata Gisaka, sembuse Kigali. Niliulizia msikitini, niliulizia kwenye duka la maziwa. Jirani yangu Shakira, anayekaanga mandazi mlangoni kwake, mama mwenye ulimi usiolala, alinifanya kuwa habari ya mtaa.

"Jamani, wanawake wenzake wanatafuta bwana, huyu iko natafuta mavi ya ndama!"

"Usiseme hivyo, Shakira. Tunasema ng'ombe."

"Haya. Iko natafuta ng'ombe ya ndama. Na ukipata, weye unakula ao unapaka?"

"Napaka."

"Ndiyo maana Twahiru alikimbia!"

Tulicheka. Shakira alikuwa mtu pekee aliyeweza kulitaja jina hilo mbele yangu akabaki na meno.

Nikaambiwa niende Kibagabaga, kule ng'ambo, ambako bado kulikuwa na malisho na watu waliofuga kwa wingi. Nilikwenda mara nne. Katika mazizi manane nilipata ndama wachanga watano. Wa sita na wa saba walikuwa kwa mzee mmoja, Ntakirutimana, mwenye fimbo ndefu na maneno mafupi. Mwanzoni aliniruhusu. Kisha akaniuliza debe langu lina nini tayari, nami kwa ujinga wangu nikajibu ukweli: ng'ombe wa ndama watano, wa nyumba tano.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Unakusanya vya ndama wachanga. Nyumba baada ya nyumba."

"Ni kwa ajili ya rangi, mzee."

"Rangi. Na hesabu yako inaishia wapi?"

"Saba."

"Toka."

"Mzee, nisikilize..."

"Ndama wangu mmoja akikohoa tu mwezi huu, nitakufuata Rwezamenyo na debe lako nitakuvika kichwani. Toka kwangu, mchawi wewe!"

Nilitembea kurudi nikiwa na ndama watano, na watu wa kilima kizima wakinitazama juu ya nyua zao. Wawili waliobaki niliwapata baada ya majuma matatu. Nikalaza, nikachemsha, nikapaka. Shangazi akagusa.

"Hapana," alisema.

"Walikuwa wachanga, shangazi. Mmoja alikuwa na siku tatu!"

"Siku tatu?" Aligeuza sikio, kana kwamba nimesema neno la lugha nyingine. "Basi sijui. Labda ndama wa mjini si kama wetu."

Mwezi wa nne mvua zilimshika kifua. Alilala kwenye chumba cha mbele, akikohoa, na maneno yake yakapungua siku baada ya siku. Nilishona karibu naye huku nikimtazama. Niseme kweli: niliogopa kifo chake kama mtu anavyoogopa, lakini pia kama mwizi anayeona mlango unafungwa kabla hajatoka na kitu.

Ndipo siku moja mchana, nikipinda ukosi wa shati, swali likanijia peke yake. Ndama wachanga saba maana yake ni ng'ombe saba waliozaa karibu mwezi mmoja. Ng'ombe saba wanaozaa kwa pamoja wanataka kundi la thelathini. Nani alikuwa na ng'ombe thelathini? Machifu. Na shangazi alipaka nyumba za watu wa kawaida, nyumba zaidi ya mia kwa maneno yake mwenyewe, kilima kwa kilima, kutoka kwa wafinyanzi mpaka kwa makatekista. Swali hilo halikuniacha nishone. Nikaweka shati chini.

"Shangazi, kwenu mlikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Mmoja," alisema, macho ameyafumba. "Alikufa mwaka wa ile njaa kubwa."

"Na ndama saba ulikuwa unawatoa wapi?"

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nilimwinua, nikampa maji.

"Ndama hao hawana mama, mtoto wangu."

"Hawana mama? Ni ndama wa nini basi? Si ng'ombe?"

Akafungua mdomo. Nakumbuka vizuri: alifungua mdomo, ulimi ukawa tayari, kisha akauziba kwa kiganja chake mwenyewe, kama msichana.

"Muulize mwingine. Mimi siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

Nilikasirika. Nilimlisha, nilimwosha, nilitukanwa mchawi kwa ajili yake, na sasa ananificha! Nilidhani ananificha kwa sababu niliingia Uislamu nilipoolewa, kwamba kwake mimi ni mtu wa nje. Nikatoka nje nisije nikasema neno. Lakini udadisi ni kitu cha ajabu, una nguvu kuliko hasira. Kufika jioni nilikuwa naijua njia iliyobaki, na sikuipenda.

Njia yenyewe ilikuwa Kagarama. Huko aliishi Kabagwira, binti wa mume wa shangazi kwa mke mwenza aliyekufa akimzaa. Nyiraneza ndiye aliyemlea tangu ana siku mbili. Na mama huyo alipofukuzwa, Kabagwira, aliyeolewa vizuri, mwenye ng'ombe wawili na bati jipya, alituma ujumbe kwamba mume wake amesema hakuna nafasi. Ng'ombe walikuwa na nafasi! Niliapa nisivuke kizingiti chake. Miezi yote ile niliyokwenda Kibagabaga kutafuta ndama, Kagarama palikuwa karibu zaidi, nami nikapakwepa. Kwenda Gisaka kwenyewe kulihitaji ruhusa na mihuri, na huko mwenye mihuri alikuwa kaka yangu Léonidas, sasa mtu wa ofisi. Nikaenda Kagarama.

Nilipita vizuizi viwili vya askari, nikaonyesha kitambulisho, nikashuka mpaka kwenye bati hilo jipya. Kabagwira alikuwa uani akichambua maharage. Hakusimama.

"Umekuja kunitukana au kunywa maziwa?"

"Nimekuja kuuliza."

"Wewe, Mukandekezi? Wewe huuliza? Siku zote wewe unajua."

"Nipe maziwa basi, niulize nikiwa nimekaa."

Alinipa. Nikamweleza yote: majivu, mshubiri, ndama wachanga saba, debe, Ntakirutimana na fimbo yake. Nilipofika kwenye ndama wa siku tatu, Kabagwira aliinama juu ya ungo. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka maharage yanamwagika.

"Mungu wangu! Ulikwenda kuchota nyuma ya ndama wa kweli?"

"Kuna ndama wa uongo?"

"Mukandekezi, babu yangu aliitwa nani?"

"Nitajuaje babu yako?"

"Aliitwa Rutobo."

Nilimtazama bado sijaelewa. Akainuka, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya zizi, kwenye kichaka cha miba pembeni mwa njia. Kilikuwa kimejaa matunda ya duara, mengine ya kijani, mengine ya njano. Waswahili huyaita ndulele. Hakuna asiyeyajua: machungu, hayaliwi hata na mbuzi, na watoto wa kwetu huyachuma wakacheza nayo. Wanayapanga chini, makubwa ng'ombe, madogo ndama, wanayachunga kwa vijiti. Kwa Kinyarwanda jina lake ni intobo.

Intobo. Rutobo.

Hapo nikajua, na nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Maana nilipaswa kujua. Kwetu mke halitaji jina la baba mkwe wake. Desturi hiyo tunaiita gutsinda. Halitaji jina, na hataji neno lolote lililobeba sauti ya jina hilo. Kama mkwe anaitwa kwa jina linalofanana na mtama, mke huyo atautafutia mtama jina jingine, na ataliita jina hilo mpaka kufa. Nyiraneza aliolewa ana miaka kumi na saba katika nyumba ya Rutobo. Tangu siku hiyo matunda yale hakuweza kuyaita intobo. Akayaita kama watoto wanavyoyaita mchezoni: ndama. Na mimi desturi hiyo ilinitoka kwa sababu niliolewa na Mswahili wa Rwezamenyo, kwao baba mkwe huitwa kwa jina lake hata mbele ya msikiti.

"Sisi nyumbani tulikua tukisema ndama tu," Kabagwira alisema akijifuta macho. "Sikujua kwamba watu wengine wana neno lao. Nimeolewa, wiki ya kwanza, namwambia mama mkwe, 'Mama, kuna ndama wameota kwenye ua, niwang'oe?' Yule mama alitoka na kamba mkononi!"

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Alianza kunichumia, akichomwa na miba, akilamba kidole. "Wachanga. Wa kijani. Ukiona wa njano, huyo amegeuka rangi, ni mzee." Alipomaliza aliyafunga katika jani la mgomba, akabaki ameyashika. "Anakohoa sana?"

"Sana."

"Mume wangu ndiye aliyekataa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Alikaza upya fundo ambalo lilikuwa limeshakazwa. Nami sikumsaidia kupata jibu. Nilichukua kifurushi changu nikaondoka, na nilipofika barabarani nikageuka nikamwambia kwamba mlango wangu uko nyuma ya mandazi ya Shakira, ataupata kwa harufu. Sijui kwa nini nilisema.

Niliingia nyumbani nikipiga kelele. "Shangazi! Ni intobo! Ni intobo tu!"

Mgonjwa yule aliyekuwa hawezi kuinua kikombe aliinuka, akavuta kanga akajifunika uso mzima.

"Nyamaza! Unamtaja mwenye nyumba mbele yangu!"

"Mwenye nyumba gani, shangazi? Amekufa, kaburi lake limeshalimwa. Wajukuu wake wamekutoa na mkeka. Na wewe bado unamlinda jina?"

"Walionitoa ni hao. Yeye hakunitoa." Sauti ilitoka ndani ya kanga. "Nilipoletwa nilikuwa mtoto. Bi harusi hagusi kazi, anakaa pembeni ya kitanda, anatazamwa. Wanawake wa nyumba ile walisema mikono yangu ni ya kiume, mirefu, haifai. Yeye akawaambia, 'Mpeni ukuta.' Mwanamume, na alisema hivyo. Wakanipa. Nilipomaliza alikaa mbele yake mpaka ng'ombe akasahauliwa kukamuliwa. Wageni wakija aliwaambia wasitundike kitu pale. Sasa wewe unataka nimwite kama ninavyoita kuku?"

Mimi nimezoea kuhesabu nilivyonyang'anywa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kufukuzwa katika nyumba akaondoka na adabu yake ya nyumba hiyo, akaitunza miaka hamsini na zaidi, na asione kwamba ameibiwa.

"Nisamehe," nikasema. "Nimeleta ndama."

Kanga ikashuka kidogo. "Wachanga?"

"Wachanga. Kijani."

"Saba?"

"Saba."

Niliwaponda, nikawalaza na mshubiri, asubuhi nikawachemsha na majivu, moto mdogo. Ule ujiuji uligeuka mbele ya macho yangu, kutoka kahawia, kwenda kijani cha kinamasi, kwenda weusi ambao ukiutazama unakutazama. Shakira aliacha mandazi yake yakaungua akaja kuchungulia. "Weye!" alisema, na hakupata utani wa kuongeza. Nikapaka ukuta wa uani, mgongo kwa mgongo, nikauacha ukauke siku tatu. Haukushika kidole. Haukushika kitambaa. Nililia kidogo, peke yangu, nikiwa nimeupa mtaa mgongo.

Siku ya nne jua lilitoka zuri. Nilimshika shangazi mkono, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya ukuta. Kabagwira naye alikuwa amefika asubuhi ile, na chupa ya maziwa na kilio, akatufuata nyuma. Shangazi aliweka kiganja chote ukutani. Akakitembeza, polepole, juu ya matuta na ndani ya mabonde. Uso wake ulifunguka. Nilingoja neno. Kisha kiganja kikasimama, kikarudi nyuma, na ukucha ukafuata kitu ambacho mimi sikukiona.

"Hapa kuna nyufa."

"Wapi? Hakuna nyufa."

"Kama unywele. Mvua ya kwanza itaingia, ya pili itabandua." Akanusa ukucha wake. "Ulitia wangapi?"

"Saba, shangazi. Ulivyosema."

"Mukandekezi."

"Abee."

"Wangapi?"

Nilimtazama Kabagwira, aliyenichumia kifurushi kizima. Yeye akatazama chini.

"Wanane," nikasema. "Lakini mmoja alikuwa mdogo."

"Kwa nini wanane?"

Kwa nini? Kwa sababu nimepunjwa maisha yangu yote. Kwa sababu mkono wangu ulipofika kwa wa saba ulikataa kusimama, ukaona kwamba safari hii, angalau safari hii, nichukue na nyongeza. Hilo sikulisema kwa sauti. Yeye akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Bandua."

"Wote? Shangazi, ni kazi ya siku nne!"

"Mimi wangu wa kwanza nilibandua mara tatu, na aliyenifundisha hakuwa na huruma kama mimi. Kabagwira, niletee kigoda, nikae hapa nimsikie. Na chungu nileteeni. Wanaofuata nitawahesabu mwenyewe."

Nikachukua kisu.